Wazee wa kiume katika nyumba za kulelea: tuwape nini mikononi, puani na barazani?

Mlezi wa Malindi (mwenye uzi)

Assalam aleikum ndugu zangu, na sabalkheri kwa kila atakayepitia uzi huu.

Mimi ni mlezi katika nyumba moja ya wazee hapa Malindi, na nimeona heri niandike kwa utaratibu yale tuliyojifunza kuhusu kuwashughulisha wazee wa kiume. Kila ninapotafuta maandishi ya Kiswahili juu ya malezi ya wazee, nakuta habari za chakula, dawa na vidonda vya kulalia, ambazo zote ni muhimu, ila juu ya mzee afanye nini tangu amalize chai ya asubuhi hadi adhana ya magharibi, sikuti kitu cha kushika. Jina la nyumba sitalitaja, na habari za wazee nimezigeuza kidogo ili kuwasitiri.

Nianze na kosa letu, maana lilikuwa letu sote na mimi nikiwemo. Tulipoanza kupanga shughuli, tulinunua mipira mikubwa ya plastiki, tukaleta picha za wanyama za kupaka rangi, na tukajifunza nyimbo za kupiga makofi. Wazee wa kike walizipokea kwa wema, wakaongeza na nyimbo zao, na shughuli ikapata uhai. Wa kiume walitutazama tu. Mzee mmoja, aliyekuwa nahodha wa jahazi enzi za ujana wake, alirushiwa mpira ukamfikia kifuani, akaupokea, akauweka chini ya kiti na kuuzuia kwa kisigino usibiringike, kisha akairudisha mikono yake mapajani. Kwenye daftari la zamu niliandika neno moja, “hashiriki”, na niliendelea kuliandika neno hilo wiki baada ya wiki bila kujiuliza tulikuwa tumemwalika ashiriki katika nini.

Siku moja liliingia gunia la makaa lililofungwa mdomo kwa kamba ya makumbi, na aliyelishusha akaliegemeza karibu na kiti cha nahodha huyo. Nilikuwa napita na beseni la nguo. Nikamwona ameinama, vidole viwili vimeshapenya chini ya fundo, na gumba linaipapasa kamba kuupima msokoto wake. Akalifungua fundo lote, akainyoosha kamba juu ya goti, akazinyofoa kwa kucha nyuzi zilizochomoza, kisha akalifunga gunia upya kwa fundo ambalo sikuwahi kuliona, linalokaza ukivuta ncha hii na kuachia lote ukivuta ile. Alipomaliza alisema, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa muda wa mwezi mzima, “Aliyefunga hili hajapanda chombo.”

Kesho yake nilikwenda sokoni nikanunua pima kumi za kamba. Tulikuwa na shida ya kweli ya kamba ya ndoo ya kisima, ambayo kila mara ilikatika palepale inaposuguana na ukingo, basi nikamweleza shida hiyo na kumwomba atusaidie. Hakujibu. Aliishika kamba, na baada ya siku mbili tukawa na kamba ya kisima iliyoungwa kwa kusukwa ncha kwa ncha, laini kiasi kwamba ukifumba macho huwezi kujua kiungo kiko wapi. Wazee wawili wengine walisogeza viti vyao kutazama, na mmoja wao, aliyekuwa mgema maisha yake yote, akaanza kubishana naye kuhusu namna ya kusokota. Ubishi ule ulidumu hadi adhuhuri. Kwa kuangalia nyuma, ubishi ule ndio uliokuwa shughuli yetu ya kwanza ya pamoja iliyofaulu, na haikuwemo katika ratiba yoyote.

Nimesoma baadaye sababu yake. Kumbukumbu ya majina na matukio, na kumbukumbu ya mazoea ya mikono, hazihifadhiwi mahali pamoja katika ubongo, na katika aina nyingi za maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ile ya mikono huchelewa kuharibika. Mzee anaweza kulisahau jina la mwanawe mchana, na jioni akafunga fundo alilofundishwa na babake. Harufu nayo ina njia yake. Habari za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kabla ya kufika kwingine, ilhali za pua zinafika moja kwa moja karibu sana na sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya makumbi yaliyofukiwa pwani miezi kadhaa na kupondwa, ambayo kwangu mimi ni uvundo tu, ilimfanya mgema wetu akae wima na kuanza kuulizia minazi ya shambani kwake.

Tangu hapo tumejenga shughuli mbili kubwa, kamba asubuhi na kahawa baada ya swala ya alasiri. Kahawa hatuiletei wazee ikiwa tayari. Buni hukaangwa uani mbele yao, mzee mmoja akisimamia kikaango na kuamua rangi imetosha, mwingine anatwanga tangawizi kwenye kinu kidogo cha shaba, na wa tatu analitazama dele, birika la kahawa, juu ya makaa. Mgawaji huvigonganisha vikombe viwili mkononi kama wafanyavyo wauza kahawa wa mitaani, na wengine hujua kwamba wakati umewadia. Waliotimiza miaka 70 na wanaopokea zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, kila mwezi wameanzisha desturi ya kuwalipia wenzao kahawa kwa zamu. Mwanzoni tuliwakataza, tukidhani tunawahifadhia fedha zao. Tulikosea tena, kwa sababu mwanamume wa pwani asiyeweza kumkaribisha mwenzake kahawa amenyang'anywa jambo kubwa kuliko hizo fedha.

Jambo la mwisho katika ujumbe huu ni viti. Tulikuwa tumevipanga kando ya kuta nne za ukumbi, vyote vimeelekea televisheni, kama chumba cha kungojea daktari. Nilipokwenda Lamu katika mazishi ya jamaa, nilikaa kwenye daka la nyumba moja ya Mkomani na nikaona kile ambacho wajenzi wa zamani walikijua. Mabenchi mawili ya mawe yanaelekeana mlangoni, na nafasi iliyopo katikati ni ndogo kiasi cha magoti kukaribiana. Anayenong'ona anasikika, anayepita njiani anasalimiwa, na asiyetaka kuzungumza anaweza kutazama njia bila kuonekana mkosa adabu. Niliporudi tulivitoa viti sita ukumbini, tukaviweka kwenye kibaraza cha mbele katika safu mbili zinazoelekeana, karibu na lango wanakopita watu.

Ninawaomba walezi, wauguzi, mafundi na watoto wa wazee mseme mnayoyajua. Ninataka zaidi kusikia makosa.

Binti wa Shela

Waaleikum salaam kaka mlezi. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nina la kuuliza ambalo huenda likakuudhi, unisamehe.

Mimi ninamlea baba nyumbani, Shela. Kwetu bado ni vigumu kusema hadharani kwamba mzee amepelekwa nyumba ya kulelea, na ninaelewa kuwa wapo wasiokuwa na mtu wa kuwatunza, kwa hiyo sihukumu. Lakini ndugu zangu wanasema kwamba baba amefanya kazi tangu akiwa na miaka kumi na miwili, amebeba mawe, amevua, amechoma chokaa, na sasa ni haki yake kukaa akapepewa. Tukimpa kazi, watu watasema tunamtumikisha. Wewe unaowapa wazee kamba wasokote, umejuaje kwamba mtu anaifurahia kazi hiyo wala hatii amri tu kwa kuwa wewe ndiye unayempa chakula?

La pili ni la tahadhari. Tulifukiza ubani chumbani kwa baba tukidhani tunamburudisha, akafadhaika, akauliza nani amekufa. Ilituchukua muda kuelewa kwamba kwake ubani ni harufu ya hitma, na amehudhuria hitma za wenzake karibu wote. Udi anaupenda, kwa sababu udi kwake ni Ijumaa na harusi. Kwa macho yetu vyote ni moshi wa kunukia, kumbe vinakwenda njia mbili tofauti.

Muuguzi wa zamu

Dada, hilo la ubani ni somo kubwa, na nitaliongezea upande wa afya.

Kabla ya kupanga shughuli yoyote ya hisia, hakikisheni hisia zenyewe zimepimwa. Nimewahi kuona mzee ameandikwa kuwa amepoteza akili, kumbe masikio yamezibwa na nta na macho yote mawili yana mtoto wa jicho ambaye angeweza kuondolewa kwa upasuaji mfupi. Tume ya jarida la Lancet ilitoa ripoti mwaka 2024 ikitaja mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa maradhi ya kupoteza kumbukumbu ambayo yanaweza kurekebishwa, na miongoni mwake yamo upungufu wa kusikia, upungufu wa kuona usiotibiwa, na upweke wa kutengwa na watu. Makadirio yao ni kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi hayo yangezuilika au kucheleweshwa iwapo mambo yote 14 yangeshughulikiwa. Kwa maana hiyo, baraza na miwani si vya starehe tu.

Kaka mlezi, kuhusu vikombe vya kahawa, nina sahihisho dogo. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na mlio wa vikombe vya kauri ni mwembamba hasa. Bila shaka wapo wazee wako wasiousikia kabisa, wanaokuja kwa sababu wameona wenzao wananyanyuka au wamepata harufu ya buni. Wale walio vyumbani, mwende mkawaite kwa mkono begani. Kwa sababu hiyohiyo kumpigia mzee kelele hakumsaidii, kwani ukipaza sauti mara nyingi unaifanya kuwa nyembamba zaidi. Mkabili usoni penye mwanga, shusha sauti iwe nzito, sema pole pole. Zimeni televisheni kwanza. Viti vyako vya kuelekeana vimefanya kazi kwa sababu hii pia, kwa vile mtu aliye hatua moja mbele yako unamsikia kwa masikio na kwa midomo yake.

Tahadhari za usalama nitazitaja kwa haraka. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani hata siku ya mvua, kwa kuwa kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye makaa, haina harufu na huua watu wamelala. Mwenye kisukari cha miaka mingi huwa na ganzi miguuni, hivyo asikae karibu na makaa bila viatu, wala asijaribishe joto la maji kwa mguu. Mwenye pumu akae upande unakotoka upepo. Anayepaliwa mara kwa mara asipewe kashata wala tende pamoja na kahawa kabla hajaangaliwa namna anavyomeza. Kiu hupungua uzeeni hata kama mwili unahitaji maji, kwa hiyo kila kikombe cha kahawa kiende na bilauri ya maji.

Wengine watakuuzia wazo la chumba maalumu chenye taa za rangi, mapovu na muziki laini, lililoanzia Uholanzi miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili. Lina manufaa yake kwa baadhi ya wagonjwa waliozidiwa sana. Kwa nyumba isiyokuwa na fedha, iliyo umbali mfupi kutoka baharini, mimi ningetumia fedha hizo kununua miwani.

Fundi wa Matondoni

Wanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, na yeye ndiye anayeniandikia.

Mimi nimeunda vyombo vya baharini Matondoni, kisiwani Lamu, tangu ujana, na sasa mgongo umekataa, kazi yangu ni kukaa kivulini na kuwaelekeza vijana. Nataka kumjibu binti wa Shela. Binti yangu, kupepewa ni kuzuri kwa siku tatu. Siku ya nne mtu anaanza kuhesabu boriti za dari. Babako hakuchoka na kazi, alichoka na mizigo. Mpe kazi isiyo na mzigo, na isiyo na mtu anayemngoja aimalize, halafu tazama kama atairudia kesho bila kuitwa. Akirudia, ameipenda. Asiporudia, usimsukume.

Lakini kazi iwe ya kweli. Hapa kwetu waliletwa wageni waliotaka wazee wachonge vijahazi vya kuuza, wakatupatia mbao laini zisizokuwa hata na harufu, na patasi za kitoto. Mzee aliyeishika tezo miaka hamsini anaujua mti kwa sauti ya pigo. Ukimpa ubao wa kuchezea, mkono wake unajua kwamba umedharauliwa kabla yeye mwenyewe hajajua. Mpe kipande cha mbambakofi, hata kama ni kibaya kimepasuka, ukimwambia tunataka kabari ya mlango, au mguu wa kigoda uliolegea, naye atakitafutia njia. Tezo na keekee sisemi mumpe ambaye mikono inatetemeka. Randa inatosha, na msasa unatosha, na kwa yule asiyeweza hata hivyo, kusokota pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi baina ya mbao za chombo, kunatosha. Hiyo ni kazi ya kukaa, ya vidole tu, na kila chombo kinaihitaji. Mkinitumia mtu, nitampa pamba muisokote huko Malindi, na itatiwa katika mashua za hapa kwelikweli.

Harufu mnazozizungumzia nyinyi ni za nyumbani, udi na buni. Mwanamume wa baharini ana nyingine. Sifa, yaani mafuta ya papa, iliyopakwa ubaoni, deheni ya kupaka chini ya chombo inapopikwa, mikoko mibichi, tanga lililolowa likaanikwa. Hizo hazipendezi kwa wageni, na mlezi msafi atataka kuzifungia nje. Muwe na kopo dogo la sifa lenye kifuniko. Mfungulie mzee aliyekuwa baharia, mara moja tu, umtazame uso. Na kwa hilo alilosema binti kuhusu ubani, mimi namjua mtu ambaye harufu hiyo ya sifa hawezi kuivumilia, kwa sababu ya waliozama. Uliza kwanza.

Kijana wa Ganze

Wazee wangu na ndugu zangu, mimi ninafanya kazi za kujitolea na wazee wa Kigiriama, na ninaomba jambo moja lisisahaulike, kwa sababu Malindi na Lamu zinapotajwa, watu huwaza pwani ya mawe na majahazi tu.

Katika Kaunti ya Kilifi wapo wazee wanaoishi mbali na nyumba zao kwa sababu walituhumiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo upo ugomvi wa ardhi. Kaya Godoma, huku Ganze, imekuwa kimbilio la wazee wa namna hiyo. Mzee aliyekimbizwa na wanawe mwenyewe haketi barazani kwa urahisi. Anachagua kiti kilicho karibu na mlango, anakaa mgongo ukiwa ukutani, na akiona watu wawili wananong'ona anadhani wanamsema yeye. Ukimvutia katika kikundi kwa pupa unamrudisha kwenye siku ile aliyozungukwa na watu. Sisi tulianza na kazi ya mtu mmoja mmoja, kushona makuti, kila mzee na fungu lake, wakikaa wote chini ya mwembe mmoja lakini wameachana nafasi. Mkono unakunja ukuti juu ya ufito, unapitisha uzi, unakaza, unachukua mwingine. Hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake. Baada ya wiki nyingi nafasi zilianza kupungua zenyewe, na wa kwanza kuzungumza alizungumza kwa Kigiriama, si Kiswahili, kwa hiyo ni lazima katika zamu awepo mtu anayeijua lugha ya mzee, hasa kwa wale ambao maradhi yanawarudisha kwenye lugha ya utotoni.

Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinataja haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Kwa mzee wa aina hii kushiriki kunaanzia kwenye kiti anachokichagua mwenyewe.

Mlezi wa Malindi (mwenye uzi)

Nimeyasoma yote kwa makini, na nimeyasoma pia kwa sauti mbele ya walezi wenzangu. Nitajibu kwa kufuata uzito wa jambo, si kwa kufuata mpangilio wa ujumbe.

Dada wa Shela, swali lako halikuniudhi, limeninyima usingizi. Nilikwenda kumuuliza mzee wa kamba moja kwa moja kama anafanya kwa sababu ya chakula. Alinitazama kwa muda, akaniambia kwamba kamba ya kisima ikikatika nitamwita nani. Sikuwa na jibu. Hata hivyo, tangu uulize nimeweka utaratibu kwamba kila mwezi tunapitisha siku tatu bila kuweka kamba mezani, ili tuone nani ataiulizia na nani atakayepumua kwa kupata nafuu. Mwezi huu mmoja alipumua. Alikuwa akisokota kwa sababu kiti chake kilikuwa karibu na meza, nasi hatukuwahi kumuuliza. Kumbe alikuwa mshoni wa kofia, na sasa anatoboa kofia ya vito kwa sindano yenye tundu kubwa, kwenye kitambaa chenye michoro iliyokolezwa kwa kalamu nyeusi ili aione.

Muuguzi wetu, ni kweli kuhusu vikombe. Tulifanya majaribio na tukakuta watatu kati ya tisa hawausikii mlio huo wakiwa wametupa mgongo. Tumeanza pia kuipaka chokaa midomo ya mashimo ya ubao wa bao, maana ubao mweusi ndani ya kivuli ulikuwa shimo moja kubwa kwa macho ya wengi. Bao lenyewe sikulitaja mwanzoni, na nilipaswa kulitaja, kwa kuwa ni mchezo wa vidole kuliko wa macho. Mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji anaanza na 22 mkononi, kwa hiyo kiganja kinajaa komwe laini, zenye uzito, zenye joto la mkono. Tunaye mzee asiyeona kabisa ambaye hupitisha ncha za vidole juu ya safu zake mbili, kisha anamwomba mpinzani ruhusa, anapitisha na upande wa pili, na baada ya hapo anacheza bila kugusa tena. Vijana wa mtaani wameanza kuja jioni kucheza naye, nao hufungwa karibu kila siku. Sisi walezi tumekatazwa na wazee wenyewe kusahihisha hesabu, hata tukiona mtu ameteka isivyo halali, kwa maana ugomvi wa bao huamuliwa na wachezaji na watazamaji. Tumetii.

Kijana wa Ganze, nakushukuru sana. Tulikuwa na mzee anayekaa karibu na lango kila siku, nasi tulidhani anangojea wageni. Sitaandika zaidi ya hapo kwa ajili ya kumsitiri, ila kiti chake sasa kinabaki pale pale na hakuna anayekisogeza. Nao wanaume wa Australia, katika karakana za wanaume wanamokutana kufanya kazi za mikono, zilizoenea huko tangu miaka ya 1990, wana kauli kwamba wanaume huzungumza bega kwa bega kuliko uso kwa uso. Ninaona makuti yako ni jambo hilohilo, na ninaona pia kwamba daka la Lamu linafaa kwa wale ambao tayari wanaaminiana. Tutahitaji vyote viwili.

Kuna swali nililoulizwa faraghani, kuhusu wazee wasioweza tena kutoka kitandani wala kushika kitu. Kwa hao jambo lililofaa kuliko yote ni kinyozi. Anakuja kila Alhamisi, mwanamume mtu mzima, anawapitia mmoja mmoja. Kitambaa cha moto usoni, povu, wembe mpya kwa kila mtu, kisha jiwe la shabu lililoloweshwa linapitishwa mashavuni na kuacha ubaridi ule unaovuta ngozi. Anayetaka hina ndevuni anatiwa. Kinyozi anazungumza muda wote, habari za mjini, bei ya samaki, nani ameoa, na hangoji kujibiwa. Mzee mmoja asiyesema tangu apatwe na kiharusi huinua kidevu mwenyewe wembe unapofika shingoni. Wengi wa wazee hawa hawaguswi na mtu isipokuwa kwa kusafishwa au kudungwa sindano, na wengine huona haya kuguswa na mlezi wa kike, kwa hiyo mkono wa kinyozi ni mguso pekee wa wiki nzima usiokuwa wa ugonjwa. Baada ya kunyolewa, tunawasomea sura fupi wale Waislamu, tukisita katikati ya aya, na midomo ya wasiosema huimalizia.

Kwa walezi wanaotaka utaratibu uliokwisha kupimwa, ipo tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili iliyobuniwa Uingereza, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2003. Ni vikao 14 vya kama dakika 45, mara mbili kwa wiki, na kila kikao kina mada yake. Wataalamu waliifanyia marekebisho na kuitumia kwa Kiswahili katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, Tanzania, na taarifa yao ya mwaka 2017 ilionyesha nafuu katika uwezo wa akili wa washiriki. Ninaipenda kwa sababu inamuuliza mzee maoni yake kuliko kumpima kumbukumbu. Usimuulize “leo ni siku gani”, muulize “changu na tewa, yupi mtamu”, na hapo hakuna atakayeona aibu.

Fundi wetu wa Matondoni, ami yangu, pamba ya kalafati tunaitaka. Nitakuja mwenyewe kusi ikitulia, na nitachukua pia hilo kopo la sifa, ambalo nitawauliza wazee mmoja mmoja kabla ya kulifungua. Nina ombi lingine. Nahodha wetu amechora ardhini kwa fimbo mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga, akasema kwamba mnazi ulioko uani ungefaa kutundikwa henza, kamba ya kupandishia tanga, ili awaonyeshe wenzake namna tanga linavyopandishwa na watu wawili waliokaa. Kamba anayo tayari, ameisokota mwenyewe. Kinachokosekana ni kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Si lazima liwe zima, hata lililopasuka upande mmoja atalitengeneza. Kama lipo moja limelala kwenye vumbi la karakana yako, nakuomba uniwekee, kwa sababu kila mtu anayeingia langoni na mzigo, mzee ananyanyua kichwa na kuuliza kama ndilo.